Kura ya Mkono wa Kushoto

Katika kata nzima ya Chemchem hakukuwa na mtu mwenye mwandiko wa kumshinda Mwalimu Masolwa Ngassa, na kama alikuwepo mtu asiyelijua jambo hilo, Mwalimu Masolwa mwenyewe alikuwa tayari kumweleza. Miaka ishirini na saba alikuwa amefundisha darasa la kwanza kushika kalamu. Herufi zake ubaoni zilisimama wima kama mgambo wanaomsubiri mkuu wa wilaya: m zenye mabega sawa, a zenye mashavu, l zilizonyooka zisizomwegemea mtu. Watu walisema mtoto akipita mikononi mwake, hata akija kuwa tapeli ukubwani, angalau hati zake za uongo zitasomeka.

Jumamosi moja ya Aprili, mvua za mwisho mwisho zikiwa bado zinaunyatia mji wa Tabora, watumishi ishirini na mmoja wa shule yake walijibana kwenye madawati ya darasa la nne, magoti yakikaribia kugusa videvu, kuchagua kamati ya mwaka ya tawi lao la chama cha wafanyakazi wa elimu. Walikuwemo walimu, karani, mlinzi na mpishi wa uji. Kamati hiyo haipumziki. Mwanachama akilazwa, kamati iko wodini na chupa ya chai. Akifiwa, kamati iko msibani. Akicheleweshewa kupanda daraja, kamati iko kwa wakubwa, inakohoa mlangoni. Na Mei Mosi ikifika, kamati ndiyo inayohakikisha kwamba bango lina maneno na waandamanaji hawajapotelea kwenye supu.

Kiti cha mwenyekiti kilikuwa cha Masolwa, miaka sita mfululizo. Huu ulikuwa mwaka wa nne anasimama na Mwalimu Amne wa Maarifa ya Jamii, mama wa mjini mwenye sauti ndogo na kumbukumbu kubwa. Mara ya kwanza Amne alipata kura mbili, mara ya pili nne, mara ya tatu saba. Kila mara Masolwa alimpa mkono wa pongezi, kama mtu anavyompongeza mtoto aliyemaliza uji wake.

Utaratibu wao haukuwa na makuu. Kila mtu anapewa kipande cha karatasi ya daftari, anaandika jina, anakunja, anatumbukiza kwenye boksi la chaki. Kisha Najiat, karani wa shule ambaye pia ni katibu wa tawi, anakifungua kimoja kimoja na kukiinua juu wote wakione, isije ikasemwa kuna mchezo. Mwisho kura zote zinafungwa kwa mpira, na mwenyekiti anayemaliza muda anakaa nazo mpaka siku ya kukabidhi.

"Masolwa," Najiat alisoma. "Amne. Amne. Masolwa. Amne."

Alipofika kwenye kura fulani akatulia, akaitazama, akatabasamu, akaiinua juu kuliko nyingine. "Amne," alisema, na darasa likaguna ule mguno wa watu wanaojua jambo.

Kwenye dawati la nyuma, Mwalimu Flavia wa Hisabati, mke wa Masolwa, hakuiona kura hiyo. Hakuona hata moja. Alikuwa ameinama anasoma majina yaliyochorwa kwenye dawati kwa ncha ya bikari, jasho likimtoka kama mtu aliyeibia mtihani. Miaka mingine kuhesabu kura kulimkuta jikoni anapakua chai ya mkutano, maana mke wa mwenyekiti ni mwenyekiti wa birika. Mwaka huu alisema chai itajipakua.

"Masolwa kumi," Najiat alitangaza. "Amne kumi na moja."

Masolwa aliinuka kutoa pongezi zake za kila mwaka kabla akili haijampa taarifa. Alipofika katikati ya darasa ndipo zilipomfikia. Alinyoosha mkono ukiwa bado umeshika kofia. Amne akaipokea kofia, akaitazama, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Ahsante, Mwalimu," alisema Amne. "Kwa yote."

Masolwa hakuelewa yote ni yapi.

*

Alasiri hiyo hiyo alitandika mkeka uani, akavaa miwani, akafungua ule mpira na kuzipanga kura safu mbili. Mkononi alikuwa na kalamu nyekundu. Flavia alikaa pembeni kwenye kigoda anabangua karanga za shamba lao la Ntalikwa, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu wa fundi saa.

"Baba Recheli, unafanya nini?"

"Nasahihisha."

"Kura nazo zinasahihishwa?"

"Mama Recheli, mimi nimesahihisha madaftari mpaka ya watoto wa wanafunzi wangu. Hakuna mtu pale shuleni anayeweza kunificha mkono wake. Kura ni siri kwa watu wa kawaida." Akainua karatasi ya kwanza. "Huyu ni Deus wa michezo. Itazame e yake, imelala chali kama mwenyewe baada ya chakula cha mchana. Haya Deus, na baiskeli yangu ulikaa nayo wiki mbili! Huyu ni Julieth, m yake ina haraka, hata kuandika anaandika huku ameshika mkoba. Msiba wa mama yake nani alisimama mpaka mwisho? Mimi. Na huyu Najiat, kalamu ya kijani ya ofisi, wala hakujisumbua kujificha."

Kila aliyemtambua alimchorea kimkasi chekundu pembeni, kama hesabu iliyokosewa. Kisha akahamia safu ya waliompigia yeye, na uso ukalainika.

"Lo! Njoo uione hii. M ina mabega, a ina shavu, l imenyooka. Huyu alikaa akaandika kwa heshima. Huyu lazima ni Xavery, nilimfundisha tangu hajui kupenga kamasi." Akaichorea vema kubwa.

Flavia aliinamia karanga zake. Alikuwa anasubiri moja tu, na ikafika.

"Na huyu sasa." Masolwa alirudi kwenye safu ya Amne, akaisogeza karatasi moja mbali, akaisogeza karibu. "A imevunjika mguu. M inapanda mlima, n inashuka korongo, e inatazama ilikotoka. Huyu ama amejificha, ama hajui kuandika. Lakini nitamjua. Huyu ndiye aliyenimaliza. Kura moja, Mama Recheli! Huyu mmoja angeandika jina langu, sasa hivi mimi ni mwenyekiti."

Karanga ilimponyoka Flavia, ikaruka mpaka kwenye mkeka. Aliifuata kwa magoti, na alipokuwa chini pale macho yake ya Hisabati yakafanya kazi bila kuombwa.

"Mbona ziko ishirini?"

"Eeh?"

"Kumi zako hizi. Za Amne kumi. Alitangaziwa kumi na moja."

Masolwa alirekebisha miwani ambayo ilikuwa imekaa sawa. "Itakuwa imedondoka njiani. Upepo."

"Si zilifungwa mpira?"

"Mama Recheli, nikikwambia upepo ni upepo."

Flavia hakubishana. Mtu aliyeandika Amne kwa mkono wa kushoto, chini ya dawati, hana nafasi ya kubishana kuhusu upepo.

Haikuwa kwamba hampendi mumewe. Alimpenda, hata alipokuwa anasahihisha orodha ya sokoni kabla ya kumruhusu kwenda nayo. Lakini miaka sita nyumba yao ilikuwa ofisi ya tawi. Mwanachama aliyenyimwa uhamisho alikula ugali wao, aliyegombana na mwalimu mkuu alikunywa chai yao, na wote walihudumiwa. Wote isipokuwa mmoja. Flavia alikwama kwenye daraja lake miaka mitatu, waliofunguliwa faili naye siku moja wakampita kama gari la abiria linavyompita mwenye mkokoteni, na kila alipomkumbusha mwenyekiti, mwenyekiti alisema, "Wewe nitakushughulikia mwisho, watu wasije wakasema napendelea nyumbani." Mwisho haukufika, maana wanachama hawaishi. Flavia alijikuta mwanachama pekee katika tawi zima asiye na mwenyekiti. Akaamua kujitafutia.

*

Jumatatu saa nne, uji ulipoletwa chumba cha walimu, Masolwa alikuwa ameshapata jibu lake. Alikuwa amepita jikoni asubuhi na mapema kulitazama daftari la unga, lile ambalo Mzee Alois huandika kila siku kilo alizopika.

Mzee Alois alikuwa mpishi wa shule kwa miaka kumi na mbili, mtu wa Ipole, kifua kipana, maneno machache. Kusoma na kuandika alijifunza akiwa na mvi, darasa la watu wazima la jioni, na aliyemfundisha alikuwa Masolwa. Daftari lake la unga lilikuwa la mtu anayeandika huku anakoroga: herufi moja huku, nyingine kule, na mvuke juu yake.

Alimpelekea Masolwa kikombe cha kwanza, kama kawaida. "Karibu uji, Mwalimu."

Masolwa hakukipokea. Alitoa mfukoni ile kura mbovu, akaiweka juu ya meza kando ya daftari la unga, wote waone.

"Mzee Alois, mimi siwezi kunywa uji wa mtu anayenikorogea sufuriani asubuhi halafu ananikaanga kwenye boksi la chaki mchana."

Deus alicheka, halafu akakumbuka baiskeli, akanyamaza. Chumba kizima kikawa kinatazama vikombe.

"Mwalimu," alisema Mzee Alois taratibu, "mimi kura yangu ilikuwa yako."

"A hii na A hii si ndugu?"

"Mimi kura yangu ilikuwa yako," Mzee Alois alirudia. Aliishikilia sinia sekunde mbili tatu, kama anayengoja mtu aseme neno. Flavia alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale. Aliinua kikombe chake, akanywa uji. Mzee Alois akamalizia kugawa uji, akatoka, na kile kikombe kimoja akarudi nacho.

Amne alimgeukia Masolwa. "Shikamoo, Mwalimu Masolwa."

"Marahaba."

"Kitambaa cha bango tayari, na rangi ipo. Nakuletea lini uandike?"

"Mwenyekiti ni wewe. Andika."

"Mwalimu, mwandiko wangu unaujua."

"Watu kumi na mmoja wameona unafaa," alisema Masolwa, akachukua chaki zake, akaenda darasani na njaa.

Jumatano, Xavery alijitolea kujaribu bango kwenye gunia la unga kabla ya kugusa kitambaa chenyewe. Alianza na WAFANYAKAZI kwa herufi kubwa za kujiamini. Alipofika kwenye K gunia likaisha, ikabidi AZI ishukie chini peke yake kama abiria aliyeachwa. Alhamisi Mzee Alois alimwambia Najiat kwamba mwaka huu atafutwe mtu mwingine wa kushika mti wa mbele wa bango. Miaka yote alikuwa anaushika yeye, kwa vile kifua chake hakiyumbishwi na upepo.

"Sababu?" Najiat aliuliza.

"Uji wangu una kasoro. Bango zuri halifai kushikwa na mtu wa namna hiyo."

*

Ijumaa, wanafunzi walipotawanyika, Flavia alikwenda jikoni kumwomba msamaha Mzee Alois. Hotuba alikuwa ameshaitayarisha, ina mwanzo, kati na mwisho. Mzee Alois alikuwa ametoka kufuata kuni. Jikoni kulikuwa na masufuria yaliyofunikwa na ukuta mweusi tititi wa masizi, na kwenye ukuta huo, nyuma ya mlango, kulikuwa na maandishi ya chaki.

Masolwa. Masolwa. Masolwa.

Yalianzia chini karibu na sakafu, ambako jina lilikuwa kama limeangushwa kutoka juu ya mti. Mstari wa pili M ilikuwa imejaribu kusimama. Wa tano a ilikuwa imepata shavu. Mistari kumi na tisa, Flavia aliihesabu, na wa juu kabisa, usawa wa uso wa mtu mzima, l ilikuwa imenyooka na mabega ya M yako sawa. Chini ya ukuta, kwenye kopo la majani ya chai, kulikuwa na vipande vya chaki vilivyookotwa madarasani, hakuna kilichozidi ncha ya kidole.

Hotuba yote ikamtoka kichwani. Alirudi chumba cha walimu, akamkuta mumewe anafunga mkoba.

"Baba Recheli, beba zile kura. Njoo jikoni."

"Jikoni kwa yule bwana siingii."

"Nimesema njoo."

Miaka ishirini na mitano ya ndoa ilikuwa imemfundisha Masolwa kutambua sauti, si miandiko tu. Alikuja. Flavia alimsimamisha mbele ya ukuta, akaichomoa kutoka kwenye furushi ile kura nzuri yenye vema kubwa nyekundu, akaibandika kwa kidole kando ya mstari wa juu kabisa.

Masolwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alitazama ukuta, akatazama karatasi. Akachuchumaa mpaka mstari wa chini, akapanda nao mmoja mmoja, kama anavyosoma daftari la mtoto ambaye mwezi wa kwanza alikuwa hajui kushika kalamu.

"Si Xavery," alisema hatimaye.

"Si Xavery."

"Alifanya mazoezi... ya jina langu?"

"Ili aliandike vizuri siku ya kura. Lile daftari la unga ni mkono wa mtu mwenye mwiko. Huu hapa ni mkono wake mwenyewe."

Masolwa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mimi nikamrudishia uji," alisema. "Mbele ya watu." Kisha, kwa kuwa mtu hawezi kuacha kazi ya miaka ishirini na saba kwa dakika moja, akainua kichwa. "Sasa ile mbovu ni ya nani?"

Flavia aliinama kwenye kopo, akaokota kipande cha chaki, akakihamishia mkono wa kushoto. Akaandika ukutani, polepole. A iliyovunjika mguu. M ikapanda mlima. N ikashuka korongo. E ikatazama ilikotoka.

Nje kunguru walisikika wanagombea makombo. Masolwa aliisogeza ile kura mbovu kando ya yale maandishi.

"Wewe."

"Mimi."

"Unalala kwangu, unakula kwangu..."

"Tunalala kwetu, tunakula kwetu. Na unga wa mwezi huu nilinunua mimi. Baba Recheli, miaka mitatu nimekuomba ufuatilie daraja langu. Julieth ulimfuatilia. Deus ulimfuatilia, na Deus hata barua ya maombi ulimwandikia wewe. Mimi ukaniambia mwisho. Kila mtu kwenye tawi hili ana mwenyekiti, mimi nina mume tu. Nikasema ngoja nikachague mwenyekiti, mume nibaki naye nyumbani."

Masolwa alianza kuzirudisha kura kwenye mpira wake.

"Kosa langu ni moja," Flavia aliendelea, na sauti ikapungua. "Jumatatu nilikuacha umwaibishe Mzee Alois, nami nimekaa pale nakunywa uji wake. Hilo nitamwomba radhi mwenyewe. Lakini kura siombei radhi."

"Kura moja, Flavia," alisema Masolwa. Alikuwa hamwiti hivyo tangu Recheli azaliwe. "Umenimaliza kwa kura moja."

"Hesabu ndiyo somo langu. Kumi na moja kwa kumi; yeyote kati ya wale kumi na mmoja angegeuka, ungeshinda. Mimi ni mmojawapo. Na yule aliyepeperushwa na upepo ni mwingine. Huyo naye nani?"

Masolwa akaushika mfuko wake wa shati.

*

Hapo ndipo mlango ulipojaa watu. Alikuwa Amne, kitambaa cha bango begani, na Najiat nyuma yake na makopo mawili ya rangi. Walikuwa wamekuja kumbembeleza Mzee Alois kuhusu ule mti wa mbele. Amne aliona jina lake ukutani kwa chaki ya mkono wa kushoto, akaona jina la Masolwa mara kumi na tisa, akawaona mume na mke, mmoja juu ya ndoo.

"Tumeingilia kikao?"

"Ingieni tu," alisema Flavia. "Ile kura ya mkono mbaya ni yangu, si ya Mzee Alois. Sasa namuuliza mwenzangu kura ya ishirini na moja iko wapi."

Najiat alimtazama Amne. Amne alimtazama Najiat. Najiat akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Kwani Mwalimu Flavia hujui?" alisema. "Tawi zima linajua!"

"Linajua nini?" aliuliza Masolwa kwa haraka.

"Mwalimu," alisema Amne kwa ile sauti yake ndogo, "mwaka wa kwanza niliosimama nilipata kura mbili. Moja niliandika mwenyewe. Ya pili Najiat alipoiinua, A yake ilikuwa imesimama kama lango la boma. Mabega ya m sawasawa. Nikasema moyoni, huyu ni Mwenyekiti. Mwenyekiti mwenyewe ameona nafaa. Nilikuwa nimeshaamua nisirudie tena, aibu ya kura mbili! Lakini kwa ajili ya ile A nikarudia."

"Mwaka wa pili nayo ikawepo," alisema Najiat. "Tukaanza kuulizana. Mwaka wa tatu ikawepo. Watu wakasema mzee amechoka, anataka kupokewa, ila anaona haya kutamka. Deus akasema basi tumsaidie. Mwaka huu nilipoiinua hukusikia darasa lilivyoguna? Walikuwa wanasema, tumekuelewa, Mwalimu."

Masolwa alikuwa ameinamia sakafu. Mtu aliyeweza kuwatambua watu ishirini kwa e iliyolala chali hakuwahi kufikiri hata siku moja kwamba watu ishirini wangeweza kumtambua yeye.

Polepole alitoa mfukoni mkebe wa miwani, akaufungua, akatoa kikaratasi kilichokunjwa. Amne, kiliandikwa, na hata Flavia aliyekuwa amekasirika alikiri moyoni kwamba hilo lilikuwa jina la Amne zuri kuliko yote yaliyowahi kuandikwa Tabora.

"Mgombea muungwana hajipigii kura," alisema Masolwa kwa sauti ya chini. "Ndivyo nilivyolelewa. Nikasema nimpe huyu mama asije akapata sifuri. Kila mwaka. Na mwaka huu nilijua nitashinda tu, kura moja ingenipunguzia nini?"

Flavia ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika ukuta, masizi yakampata kiganja kizima. Najiat akaweka makopo chini ili acheke vizuri. Amne alijitahidi kujizuia kwa heshima ya mkubwa, akashindwa. Masolwa aliwatazama wanawake hao watatu, uso wa mtu aliyeonewa na dunia, halafu bega likaanza kumtikisika, na la pili likafuata.

"Kwa hiyo wiki nzima," Flavia alisema anajifuta machozi na kujipaka masizi, "wiki nzima unamtafuta mchawi, na mchawi umemweka kwenye mkebe wa miwani!"

"Wawili," alisema Masolwa. "Tulikuwa wachawi wawili, nyumba moja."

Mzee Alois alirudi na mzigo wa kuni begani, akakuta jiko lake limekuwa ukumbi. Aliona macho yote yakienda ukutani nyuma ya mlango, kwenye mistari yake kumi na tisa, akaona haya kama kijana aliyefumaniwa na barua.

Flavia alimfuata kwanza, akamweleza yote pale pale, bila hotuba. Mzee Alois alisikiliza, akatua kuni, akasema, "Kumbe kushoto. Nilishangaa, hata mimi siandiki vibaya namna ile." Kisha Masolwa akainuka kutoka kwenye ndoo.

"Wewe ngoja, Mwalimu," alisema Mzee Alois na kuinua kiganja. "Wewe hukunisema jikoni. Ulinisema mezani."

*

Jumatatu saa nne, chumba cha walimu kikiwa kimejaa, Masolwa alisimama. Hakuzunguka. Alisema kwamba wiki iliyopita alimsingizia mtu mwaminifu mbele yao, kwamba aliyepoteza kura yake ni yeye mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba anaomba radhi. Kisha akanyoosha mikono yote miwili kupokea kikombe, akanywa wima mpaka tone la mwisho, akaomba cha pili.

"Kunywa taratibu, Mwalimu," alisema Mzee Alois. "Bado wa moto." Akangoja watu waanze kuongea, akainama karibu. "Na zile a za ukutani. Zimekaa?"

"Shavu la mstari wa kumi na saba limevimba kidogo."

"Siku hiyo maziwa yalikuwa yanafurika."

"Mengine yote," alisema Masolwa, "mia kwa mia."

Jioni ya siku hiyo kitambaa kilitandazwa kwenye sakafu ya darasa la kwanza, na Masolwa akaliandika bango akiwa amepiga magoti, Mzee Alois akimshikia kopo la rangi na Xavery akiwa amekatazwa kugusa chochote. WAFANYAKAZI lilienea mstari mmoja, na nafasi ikabaki.

Siku mbili kabla ya Mei Mosi, Amne alipita nyumbani kwao. Alikuwa amekwenda kwa wakubwa kuulizia daraja la Flavia, akaambiwa wao hawana tatizo, fomu ndiyo haijawahi kufika. Akarudi, akaifungua droo ya tawi, akaikuta. Ilikuwa imekamilika kila kitu, jina, namba, picha, muhuri wa shule. Ilikosa kitu kimoja: sahihi ya mwenyekiti wa tawi.

"Imekaa humo miaka mitatu," alisema Amne, akijitahidi asimtazame mtu yeyote. "Leo asubuhi nimeisaini na kuipeleka."

Flavia alimgeukia mumewe, mwenye sahihi nzuri kuliko zote kata ya Chemchem. Masolwa aliinuka, akachukua bakuli la karanga, akakaa kwenye kigoda cha mkewe, akaanza kubangua. Alibangua mpaka magharibi, bila kuambiwa.

*

Mei Mosi waliandamana kuelekea uwanjani kwa barabara ile ile ambayo zamani wapagazi waliingilia mjini na mizigo kichwani, ila sasa mzigo ulikuwa mmoja, na ulionekana kutoka mbali. Mzee Alois alishika mti wa mbele, kifua nje. Watu kando ya barabara walinyoosha vidole: herufi zile! Nani kaandika? Mwenyekiti Amne alitembea mstari wa mbele, anapunga mkono mdogo kama sauti yake. Masolwa na Flavia walikuwa mstari wa tatu, kama wanachama wa kawaida, na ilikuwa mara ya kwanza katika miaka saba Flavia anatembea na mumewe Mei Mosi bila mtu kumvuta pembeni kumweleza shida.

"Mwakani nasimama tena," alisema Masolwa huku anaangalia bango lake.

"Simama."

"Na mwakani uungwana basi. Nitajipigia mwenyewe."

"Vizuri," alisema Flavia. "Na mimi mwakani naandika kwa mkono wa kulia."

Masolwa alipunguza mwendo mpaka Deus akamkanyaga kisigino. "Utaandika jina gani?"

Flavia alikuwa ameshatangulia hatua mbili, anaitikia wimbo wa mbele kwa sauti kubwa.